Leseni ya kiwanda kinachochafua mazingira inaweza kupingwa na mwananchi yeyote, lakini siku 60 hazimsubiri mtu

Mleta uzi

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo ninalokutana nalo mara kwa mara katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria hapa Pwani ya Kenya. Wakazi wa mtaa fulani hufika wakiwa na picha za moshi, chupa za maji meusi na karatasi za hospitali za watoto wao, wakitaka kiwanda kilicho jirani yao kifungwe. Ninapowauliza kama wamewahi kuiona leseni ya mazingira ya kiwanda hicho, nambari yake na tarehe iliyotolewa, wengi hunijibu kwamba hawakujua kuwa ni karatasi ambayo raia wa kawaida ana haki ya kuiona, seuze kuipinga. Wengi wao walishapita kwa mzee wa mtaa, wakapita kwa chifu, wakaenda kwa mwakilishi wadi, wakaahidiwa kikao, na kikao kikaahirishwa. Wakati huo wote, muda wa rufaa ulikuwa unakwenda.

Ninachotaka kukisema ni hiki: kiwanda hupingwa kwa urahisi zaidi kikiwa bado ni karatasi. Anayeipinga leseni kabla ya ujenzi anahitaji kuonyesha kwamba sheria haikufuatwa katika kuitoa. Anayekuja baada ya moshi kuanza analazimika kuthibitisha madhara, chanzo cha madhara, na uhusiano kati ya hivyo viwili, na mara nyingi ushahidi huo umo ndani ya damu ya watoto.

Tuanze na haki yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inasema kwamba mtu anayedai haki hiyo imevunjwa, inavunjwa au inatishiwa kuvunjwa anaweza kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuzuia au kusimamisha kitendo, kumlazimisha afisa wa umma kuchukua hatua, au kuamuru fidia. Kisha yapo maneno ambayo ningependa kila mmoja wetu ayashike: mwombaji hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu yeyote aliyepata hasara au aliyeumia. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 nayo, katika kifungu cha 3, inamruhusu mtu kufungua shauri hata kama kitendo hakikumdhuru yeye binafsi, mradi shauri lake si la upuuzi wala la kusumbua.

Ili tuelewe umbali tuliotoka, tumkumbuke Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1989 alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Shauri lake lilitupwa kwa sababu mahakama ilimwona hana msimamo wa kisheria wa kushtaki, yaani hakuonyesha kwamba yeye mwenyewe angeumia kuliko watu wengine. Jengo halikujengwa, lakini lilishindwa kwa kelele za umma na kwa wafadhili kujitoa, si kwa amri ya jaji. Mlango uliofungwa mbele yake ndio Katiba ya 2010 iliyoufungua.

Sasa nije kwenye leseni. Mradi mkubwa wa kiwanda hauwezi kuanza kisheria bila leseni ya tathmini ya athari za mazingira kutoka NEMA, ambayo ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Kabla ya leseni, mwenye mradi huandaa ripoti, na NEMA hutangaza ripoti hiyo katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti ya kawaida, ikiwaalika wananchi watoe maoni. Kila anayeishi jirani na eneo la viwanda anapaswa kuyajua matangazo haya kwa sura. Huwa katika kurasa za nyuma, kwa herufi ndogo. Hutaja jina la mwenye mradi, mahali, nambari ya kiwanja, kisha jedwali lenye safu ya athari upande mmoja na safu ya hatua za kupunguza athari upande wa pili, na mwishoni huandikwa mahali ambapo ripoti kamili inaweza kusomwa na siku 30 za kuwasilisha maoni. Jedwali hilo linastahili kusomwa kwa kalamu mkononi. Ukikuta safu ya athari inasema "uchafuzi wa maji" na safu ya pili inajibu tu kwamba maji machafu yatashughulikiwa ipasavyo, bila kusema kwa mtambo gani, kwa kipimo gani na yatatiririshiwa wapi, hapo umeshapata hoja yako ya kwanza ya maandishi.

Leseni ikishatolewa, mtu asiyeridhika anaweza kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira chini ya kifungu cha 129 cha sheria hiyo ya 1999, ndani ya siku 60. Marekebisho ya mwaka 2015 yaliweka wazi kwamba rufaa hii inahusu kutolewa kwa leseni na vilevile kunyimwa leseni; kwa hiyo si mwekezaji peke yake mwenye mlango wa kulalamika. Jopo halifungwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama ya kawaida, na mtu anaweza kujiwakilisha mwenyewe. Lina uwezo wa kuithibitisha leseni, kuibadilisha au kuifuta kabisa. Asiyeridhika na uamuzi wa Jopo ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Lamu. Tarehe 7 Septemba 2016, NEMA iliipa Amu Power leseni ya kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, katika kaunti ambayo mji wake wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Muungano wa wakazi uitwao Save Lamu pamoja na wenzao walikata rufaa Novemba mwaka huohuo. Tarehe 26 Juni 2019, Jopo liliifuta leseni na kuamuru kwamba, kama mwenye mradi bado anautaka, afanye tathmini upya.

Msingi wa uamuzi huo ndio unaonifanya niandike. Wakazi hawakulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuugua kwa vumbi la makaa, kwa kuwa hakukuwa hata na tofali lililowekwa. Walionyesha kwamba umma haukushirikishwa inavyotakiwa. Kanuni za tathmini ya athari za mwaka 2003, katika kanuni ya 17, zilidai mabango, matangazo ya gazeti kwa wiki mbili mfululizo, matangazo ya redio, na mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Mikutano ilikuwepo, lakini ile iliyotegemewa ilifanyika mapema, wakati mradi unatambulishwa, kabla ya utafiti kukamilika. Jopo likasema kwamba watu hawawezi kuhesabiwa kuwa wameshirikishwa katika jambo ambalo taarifa zake hawajapewa. Walipaswa kurudishiwa matokeo ya utafiti na kusikilizwa juu ya matokeo hayo. Jopo pia liliona kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Amu Power ilikata rufaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi ikaitupa rufaa hiyo.

Sasa pangeni kesi hiyo kando ya ile ya Owino Uhuru, hapa Mombasa. Pale kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi, ambayo ni sumu, kilichofanya kazi ubavuni mwa makazi ya takriban watu 3,000 kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, ambaye aliwahi kuajiriwa katika kiwanda hicho na mwanawe akapatikana na sumu ya risasi mwilini, aliongoza harakati zilizomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Shauri lilifunguliwa 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ikaamuru eneo lisafishwe. NEMA yenyewe ilikuwa miongoni mwa waliobebeshwa dhima. NEMA ikakata rufaa, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi kwa sehemu mwaka 2023, na tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia.

Huo ni ushindi mkubwa, na ninauheshimu kwa moyo wote. Lakini angalieni umbali kati ya 2007 na 2024. Mtoto aliyezaliwa wakati kiwanda kinawasha tanuri alikuwa kijana wa miaka kumi na saba siku hukumu ya mwisho iliposomwa, na risasi iliyoingia katika ubongo wa mtoto haiondolewi na hukumu. Kule Lamu hakuna mtoto aliyevuta chochote. Tofauti kubwa kati ya kesi hizi mbili ni wakati ambao wananchi walipata nafasi ya kuishika leseni.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa walio karibu na viwanda na walio katika fani ya sheria.

---

Mkazi wa Athi River

Ahsante sana ndugu mleta uzi kwa maelezo haya. Sisi tunaishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha vyuma ambacho kilipata leseni miaka mingi kabla wengi wetu hatujahamia hapa. Usiku, baada ya saa nne, moshi mzito hushuka hadi kwenye madirisha, na asubuhi nguo zilizoachwa kwenye kamba huwa na unga mwekundu unaokwaruza ukiupitisha kati ya vidole. Tumeandika barua kwa ofisi inayohusika na tumejibiwa kwamba kiwanda kina leseni halali. Kwa maelezo yako, siku 60 zilishapita zamani. Je, ina maana kwamba haki yetu imekufa?

---

Mleta uzi

Haijafa, ndugu yangu. Jibu mlilopewa, kwamba kiwanda kina leseni halali, si jibu kamili hata kidogo, kwa sababu kiwanda hakiishi kwa leseni moja.

Leseni ya tathmini ya athari ndiyo ya mwanzo. Baada yake, kiwanda kinachotoa moshi kinahitaji leseni ya utoaji wa hewa chafu chini ya kanuni za ubora wa hewa, na kinachomwaga maji machafu kinahitaji leseni chini ya kanuni za ubora wa maji. Leseni hizi hutolewa kwa muda maalumu na kuhuishwa, na kila inapohuishwa, NEMA inafanya uamuzi mpya. Jambo la kuuliza, basi, ni hili: leseni ya hewa ya kiwanda hicho ilihuishwa lini mara ya mwisho, na kwa vipimo gani? Uamuzi mpya una siku zake 60.

Kisha kuna ukaguzi wa mazingira. Mwenye kiwanda ana wajibu wa kuwasilisha ripoti za ukaguzi kuonyesha kama anatimiza masharti aliyopewa. Ombeni ripoti hizo. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi, na saa 48 ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ripoti ikionyesha kwamba masharti yamevunjwa, kifungu cha 67 cha ile sheria ya mazingira ya 1999 kinaipa NEMA uwezo wa kuisimamisha au kuifuta leseni, na kifungu cha 64 kinairuhusu kumtaka mwenye leseni afanye tathmini mpya iwapo yametokea mabadiliko makubwa au athari ambazo hazikuonekana mwanzoni. Mwandikieni Mkurugenzi Mkuu wa NEMA rasmi mkivitaja vifungu hivyo. Akikataa, mna uamuzi wa kupinga. Akinyamaza, mna ushahidi wa ofisi iliyoacha wajibu wake, na katika kesi ya Owino Uhuru ushahidi wa namna hiyo ulikuwa na uzito mkubwa.

Huo unga mwekundu, tafadhali usiishie kuupiga picha. Uwekeni katika chupa safi zilizofungwa, andikeni tarehe, saa na mahali, na awepo shahidi wa pili kila mnapochukua. Kila nyumba iwe na daftari la saa ambazo moshi hushuka.

---

Wakili, Kisumu

Nampongeza mleta uzi, na ningependa kuongeza tahadhari moja ambayo imewagharimu watu wengi: suala la mlango.

Wakazi wanaoishi karibu na viwanda vya Kibos hapa Kisumu walikwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi wakilalamikia uchafuzi na leseni zilizotolewa, na mahakama ikawakubalia mwaka 2019. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo. Haikusema kwamba hakuna uchafuzi. Ilisema kwamba masuala ya leseni yalipaswa kwanza kwenda katika Jopo au katika kamati ya malalamiko ya mazingira, kwa sababu sheria imeviweka vyombo hivyo kwa kazi hiyo. Mahakama ya Juu ilipopokea shauri, ilikubali kwamba mahakama ya chini ilikosea mlango, na ikaeleza kwamba ilipaswa kuyahifadhi masuala ya kikatiba huku ya leseni yakiamuliwa na Jopo. Fikirini uchungu wa watu walioshinda kwa hoja, kisha wakarudishwa mwanzo.

Mwishoni mwa 2023, katika shauri la Nicholus dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Juu ililegeza kamba. Ilisema kwamba pale dai linapohusu kuvunjwa kwa haki za kikatiba, na chombo kingine hakina uwezo wa kutoa nafuu ya kutosha, Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaweza kulisikiliza tangu mwanzo. Kwa hiyo nawashauri wateja wangu hivi: kama kinachopingwa ni leseni, na siku 60 bado zipo, nenda kwenye Jopo bila kusita. Kama kinachodaiwa ni madhara kwa afya, fidia na usafishaji, ombi la kikatiba chini ya Ibara ya 70 ndilo mahali pake. Usichanganye vyote ndani ya karatasi moja ukitumaini kwamba jaji atachambua.

Kuhusu hesabu ya siku, baadhi ya maamuzi yamekubali kwamba kwa mtu ambaye hakuwa sehemu ya maombi ya leseni, siku huhesabiwa tangu alipopata kujua. Ni hoja nzuri ya kumwokoa aliyechelewa bila kosa lake. Si hoja ya kuitegemea ukiwa bado una muda.

Na jambo la mwisho, ambalo ni zito. Wakati wa kesi ya Lamu, kukata rufaa peke yake kulitosha kuifanya hali ibaki ilivyo mpaka Jopo liamue. Sheria imebadilika tangu hapo. Siku hizi ni lazima kuliomba Jopo litoe amri hiyo, na maombi yaende pamoja na rufaa. Anayesahau anaweza kushinda rufaa yake akakuta ukuta umeshafika kwenye paa.

---

Mdau, Dar es Salaam

Habari zenu ndugu zetu wa Kenya. Naomba niweke upande wa Tanzania, kwa kuwa historia yetu katika jambo hili ni ndefu na vijana wetu wengi hawaijui.

Mwishoni mwa miaka ya themanini, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa ikitupa takataka Tabata, katikati ya makazi ya watu. Wakazi walifungua shauri la madai namba 299 la mwaka 1988, linalojulikana kama shauri la Joseph Kessy, wakashinda. Jiji likawa linarudi mahakamani kuomba kuongezewa muda wa kuendelea kutupa. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa, na katika uamuzi wake alishangazwa na chombo cha umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akiihusisha hali hiyo na haki ya kuishi iliyo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Huko nako, Festo Balegele na wenzake 794 wakaenda Mahakama Kuu mwaka huohuo wa 1991, wakaonyesha kwamba eneo hilo lilikuwa limepangwa kuwa makazi, wakashinda. Wakazi wa kawaida wa Dar es Salaam walilisimamisha jiji lao mara mbili, wakati hatukuwa hata na sheria kamili ya mazingira.

Sheria hiyo ilikuja mwaka 2004. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinatoa haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinampa mtu haki ya kufungua shauri palipo na tishio kwa mazingira. Mahakama inaweza kuzuia, kusimamisha, kuamuru ukaguzi na kuamuru fidia. Kwetu karatasi inayopingwa ni cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, na mchakato wake umekuwa ukisimamiwa na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Kuna kikwazo ambacho lazima tukiseme. Mwaka 2020 Bunge liliifanyia marekebisho sheria inayoongoza utekelezaji wa haki za msingi, na sasa anayefungua shauri la kikatiba anatakiwa kuapa ni kwa kiasi gani yeye binafsi ameathirika. Hilo limebana sana mashauri ya maslahi ya umma. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kwa masuala ya viwanda tujenge shauri juu ya kifungu cha 5 cha sheria ya 2004, na miongoni mwa waombaji wawemo watu wanaoishi palepale, wanaokunywa maji yale yale.

---

Mchangiaji, Mombasa

Nawasoma kwa heshima, ila naomba tuitazame na sura ya pili. Ninao vijana wawili waliomaliza masomo na hawana kazi. Kila kiwanda kinapotajwa, watu wanakimbilia mahakamani. Mwekezaji akiona hivyo anakwenda nchi nyingine. Je, haki hizi hazitatuacha na hewa safi na matumbo matupu?

---

Mleta uzi

Mzee wangu, swali lako ni la haki na sitalipita juu juu.

Kwanza, rejea alichoamriwa mwenye mradi wa Lamu. Jopo halikusema kwamba Lamu isiwe na umeme wala kwamba mradi umepigwa marufuku milele. Lilisema kwamba kama anautaka, arudi akafanye tathmini kwa kufuata sheria na awasikilize watu. Mwekezaji anayefanya hivyo tangu mwanzo ana leseni ambayo ni ngumu sana kuiangusha, na muda wake ni wa uhakika zaidi. Anayeruka hatua ndiye anayeuweka mtaji wake hatarini.

Pili, kazi nazo huhesabiwa pande zote mbili. Wavuvi wa Lamu wana kazi. Walipolalamikia ujenzi wa bandari, Mahakama Kuu mwaka 2018, katika shauri la Mohamed Ali Baadi na wenzake, iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwa sababu iliona kwamba riziki yao imeguswa. Na katika Owino Uhuru, waliokuwa wa kwanza kuathirika ni wafanyakazi wenyewe na watoto wao. Naamini kabisa kwamba kijana wako anastahili kazi, na kwamba anastahili kuirudia nyumba yake jioni bila sumu kwenye nguo zake. Sheria haijatutaka tuchague moja kati ya hayo mawili.

---

Mwanafunzi wa sheria, Kampala

Naomba kuuliza, je, kesi ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga haionyeshi kwamba njia ya mahakama ya kikanda ni pana zaidi, kwa kuwa mradi unavuka mipaka?

---

Wakili, Kisumu

Mdogo wangu, kesi hiyo inafundisha zaidi juu ya muda. Mashirika ya kiraia yalifungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki Novemba 2020. Mkataba wa Jumuiya, katika Ibara ya 30, unampa mtu miezi miwili tu tangu kitendo kutokea au tangu alipokijua. Tarehe 29 Novemba 2023, Kitengo cha Awali kililitupa shauri kwa sababu lilichelewa; hoja za mazingira zenyewe hazikuamuliwa. Mahakama hiyo si dhaifu: mwaka 2014 iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Lakini saa yake inakimbia kuliko ya mahakama zetu za ndani, na anayetaka kuitumia aanze kuhesabu siku mkataba unapotiwa saini, asisubiri mitaro ichimbwe.

---

Mkazi wa Athi River

Nimeelewa vizuri. Jumapili tutakuwa na mkutano wa wakazi. Naomba msaada wa mwisho: barua ya kwanza kabisa iandikweje, ili tusitumie maneno mengi yasiyo na kazi?

---

Mleta uzi

Iwe barua ya kuomba taarifa, na iwe fupi. Malalamiko myaweke katika barua nyingine, kwa sababu barua ya malalamiko hujibiwa kwa pole, ilhali barua ya kuomba taarifa kisheria inadai karatasi.

Iandikeni kwa Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, nakala kwa mkurugenzi wa kaunti. Tajeni Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016. Tajeni jina la kiwanda kama lilivyoandikwa langoni, na mahali kilipo. Kisha ombeni nakala za vitu hivi: leseni ya tathmini ya athari za mazingira pamoja na masharti yake yote, ripoti ya tathmini yenyewe, hasa kumbukumbu za mikutano na orodha ya waliohudhuria, leseni ya utoaji wa hewa na tarehe ilipohuishwa mara ya mwisho, ripoti za ukaguzi za miaka mitatu iliyopita, na amri yoyote ya marekebisho ambayo kiwanda kimewahi kupewa. Elezeni kwa sentensi moja kwamba taarifa inahusu uhai na afya ya watoto wanaoishi hapo, ili muda wa saa 48 uweze kudaiwa.

Orodha ya waliohudhuria mikutano mtaisoma kwa makini kuliko kitu kingine. Pitieni jina kwa jina na wazee wa mtaa, mwulize nani anamjua nani, nani alikuwa anaishi hapo wakati huo, na kama sahihi zinafanana na mwandiko wa wahusika.

Barua isainiwe na watu wasiopungua watatu, wakiweka anwani zao. Ipelekeni kwa mkono badala ya kuituma kwa simu, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 21 zitahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo. Zikiisha bila jibu, mnayo haki ya kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, na karatasi mtakayoanza nayo huko ni hiyo nakala yenye muhuri.